Kilima chenye miti kwa bei ya chini: uliza kwanza mwenyewe yuko wapi

Ukisimama Ndosho saa kumi na moja ya jioni, kando ya barabara ya Sake, utaona miti ya Masisi ikipita mbele yako, lakini hakuna hata mmoja uliosimama. Inapita ikiwa mbao juu ya Fuso, inapita ikiwa stiki za kujengea, inapita ikiwa makala ndani ya viroba juu ya chukudu, na chukudu yenyewe ni mti. Sisi wakaaji tuko juu ya mawe ya volkano. Mtu akitaka kupanda avoka moja ndani ya parsele, anaanza kwa kuvunja jiwe na kununua udongo.

Ndiyo maana ukikaa na wachimbaji wa kartiye yetu, wale wanaoshuka toka Rubaya ao Walikale mara moja kwa miezi kadhaa, mazungumzo yanaishia palepale. Kilima kidogo. Udongo mweusi. Mikaratusi juu, maharagwe chini, nyumba ya mbao, mbuzi wawili. Mahali pa kunyoosha mgongo siku nguvu za kushuka shimoni zitakapokwisha.

Ndoto hiyo si ya ujinga. Mchimbaji wa mikono hana patron wa kumlipia CNSS, kwa hiyo uzee wake hauna mwisho wa mwezi. Leo shimo linatoa, kesho linaingia maji, keshokutwa PDG anasema deni la pampu na chakula limekula yote. Mti, wenyewe, unakua hata wewe ukiwa umelala. Hekta moja ni mita 100 kwa mita 100. Ukipanda mikaratusi kwa nafasi ya mita mbili na nusu kila upande, inaingia miti 1.600. Baada ya miaka sita ao saba inafaa kwa stiki na makala, na ukiikata vizuri, kisiki kinachipuka tena bila kununua mche mwingine. Grevilea inakubali maharagwe chini yake. Mikaratusi haikubali sana, na usiipande karibu na chemchemi, maana inakunywa maji kuliko ng'ombe. Hesabu hiyo wakulima wengi wa hapa waliijua tangu 2007, wakati WWF ilianzisha EcoMakala ili watu wapande miti yao ya makala badala ya kuikata ndani ya hifadhi ya Virunga.

Kwa hiyo miti tunaijua. Shida iko kwenye udongo wenyewe.

Siku hizi kuna watu wanaopita na picha ndani ya simu. Mmoja alifika nyumbani kwetu mwezi uliopita. “Kilima iko, miti iko, kisima iko, bei iko chini,” alisema, na bei kweli ilikuwa chini sana. Tulimkaribisha akae, maana sisi nyumbani hadithi ya kilima cha bei chini tunaijua kwa mwili.

Baba yetu alichimba kasiterite Bisie, kule Walikale. Mwaka 2005 alishuka na franga zake akanunua msitu wa mikaratusi michanga juu ya Sake. Alimlipa muuzaji, akampelekea shefu wa lokalite mbuzi na kasiksi, wakaandika akti kwenye karatasi ya daftari, mashahidi wawili wakaweka kidole. Kwake mambo yalikuwa yamekwisha. Na miaka mitano ya kwanza ilimpa haki. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila aliposimamisha uchimbaji Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, na mashimo yakabaki yamefungwa paka Machi 2011, nyumba nyingi za Ndosho zilikula mara moja kwa siku. Sisi tulikata stiki, tukalipa shule.

Mwaka 2012 akaja bwana mmoja na karatasi yenye muhuri. Kilima chote, pamoja na cha kwetu, kilikuwa ndani ya plantasio ya zamani ya mzungu, iliyopewa familia yake wakati wa zairianisasio ya 1973. Aliyetuuzia alikuwa mlinzi wa mipaka ya plantasio hiyo. Shefu alijua? Baba hakupenda kujibu swali hilo paka alipokufa.

Hapa lazima tuseme sheria inavyosema, kwa sababu wengi wetu tunachanganya. Kwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa 1980, udongo wote wa Kongo ni mali ya Serkali. Hakuna anayenunua udongo. Unapata haki ya kuutumia, ile inaitwa “concession”. Mkongomani anaweza kupata ya kudumu, “perpétuelle”. Ile ya kawaida ni ya miaka isiyozidi 25, na inaweza kufanywa upya. Haki hiyo inathibitishwa na karatasi moja tu, “certificat d'enregistrement”, inayotolewa na konservatere wa titre. Ikipita miaka miwili tangu itolewe, kuiangusha ni vigumu sana. Akti ya shefu inaonyesha kwamba kijiji kinakujua, na hilo ni jambo kubwa, tusilidharau. Lakini mbele ya sertifika inabaki karatasi ya daftari. Sheria hiyohiyo ilisema haki za wenyeji juu ya mashamba ya kimila zitapangwa na amri ya Rais, na miaka ilipita makumi bila amri hiyo kutoka. Kilima kimoja kinabaki na mabwana wawili: mwenye muhuri anayekaa mjini, na mwenye jembe anayekaa kilimani. Watu wa Bushi wanaojua kalinzi, ng'ombe ya mwami na shamba la kurithi, wanaelewa vizuri tunachosema.

Baba hakwenda vitani na yule bwana. Vikao vilichukua miaka miwili. Tulipoteza sehemu ya chini yenye chemchemi. Sehemu ya juu tulibaki nayo, safari hii kwa maandishi, watu wa kadastre wakapima na kuweka borne, na kipande chetu kikakatwa kutoka karatasi ya yule bwana kikapata karatasi yake. Jumla ya gharama, ukihesabu safari, vipimo na bia, ilizidi bei tuliyonunulia. Mtu akikuambia shamba ni la bei nafuu, ongeza hiyo kwenye hesabu.

Sheria inataka pia kitu ambacho karibu kila mnunuzi anakiruka: kabla ya concession ya mashambani, uchunguzi ufanyike palepale, kuuliza nani ana haki gani. Usingoje ofisi ikufanyie. Panda kilima wewe mwenyewe, siku mbili, bila muuzaji. Ongea na wanaopakana na shamba, na hasa na wamama wanaolima, maana wao wanajua nani alivuna pale msimu uliopita. Uliza kama Virunga inafika hapo: hifadhi ipo tangu 1925, inafika karibu na barabara hii yetu ya Sake, na ndani yake hakuna shefu wala ofisi inayoweza kukupa parsele. Na wewe mchimbaji, usijidanganye kwamba ukikuta jiwe zito chini ya mkaratusi wako ni lako. Udongo wa juu una karatasi yake na jiwe la chini lina yake. Pengine kilima kimekwisha kuwa ndani ya permi ya kampuni. Kodi ya Madini inakupa haki ya kulipwa kwa mazao na miti itakayoharibiwa, lakini kama huna karatasi, utaonyesha nini?

Sasa turudi kwa mtu wa simu, kwa sababu bei yake ilikuwa na sababu nyingine.

Tangu M23 ilirudi vitani mwishoni mwa 2021, vijiji vya Rutshuru, Nyiragongo na Masisi vilimwagika kuja Goma. Tuliwaona wakipita hapa Ndosho, godoro kichwani, kuku mkononi, wakienda Bulengo, Lushagala, Mugunga. Rubaya ilichukuliwa mwisho wa Aprili 2024, Goma yenyewe mwisho wa Januari 2025, na mwezi uliofuata kambi zilibomolewa. Wengine walirudi kwao wakakuta mtu mwingine analima. Wengine hawakurudi, wanapanga chumba kwa ndugu, hapahapa kartiye. Shamba la mtu aliyekimbia halina mlinzi. Atakayeliuza anaweza kuwa jirani, mtoto wa shangazi, ao mwenye bunduki, na bei itakuwa chini kwa sababu halimgharimu kitu. Tunalijua hili toka zamani: karatasi nyingi zilizoandikwa wakati wa RCD, 1998 paka 2003, zilikuja kubishaniwa vita ilipotulia. Kwa maoni yetu, mwenye makuta leo afadhali angoje, ao anunue kwa mtu ambaye yuko nyumbani kwake, amelala kwake, na majirani wanamsalimia kwa jina.

Kuna moja bado, na hili tunawaambia waume. Baba alikufa 2016. Akti ilikuwa na jina lake peke yake. Wiki ya pili ya matanga, baba zetu wadogo walikuja kuuliza “shamba la kaka”. Mama, ambaye alibeba miche mgongoni na kuipalilia miaka yote ambayo mume yuko Bisie, alionekana kama mgeni pale. Kilichomwokoa ni kopo la biskuti: ndani yake kila resi, kila karatasi ya kadastre, na barua ya baba mdogo mmoja aliyekubali kuandika ukweli. Mwaka uleule Kodi ya Familia ilirekebishwa, ikaondoa ile ruhusa ya mume ambayo mwanamke aliyeolewa alikuwa anadaiwa kwa kila karatasi. Lakini sheria haifiki kilimani yenyewe, inabebwa na karatasi. Weka majina mawili siku ya kwanza, na watoto wajue kopo liko wapi.

Miti yetu tunaambiwa ilikatwa wakati wa mapigano. Hatujapanda kuona. Jirani wa kule alitupigia simu akasema visiki vinachipuka.

Yule mtu wa picha, mama alimwomba simu. Aliitazama kwa muda, akakuza picha kwa vidole, akaonyesha avoka kubwa nyuma ya kisima, ile yenye tawi lililokatwa na radi. “Mwana wangu,” alimwambia, “mwenye avoka hii anakaa avenyu ya pili kutoka hapa. Twende nikupeleke, ukamuuzie mwenyewe.” Alichukua simu yake, akaaga kwa heshima, akasema atarudi.

Hakurudi. Asubuhi mama alienda kwa yule mwenye avoka na daftari. Walikaa paka saa sita wakiandika majina ya wote wanaopakana naye, upande wa juu na upande wa chini, na wapi mpaka unapita, na mti gani uko kwenye kona, na nani alishuhudia. Ukurasa mmoja wameuacha wazi kwa ajili ya vidole vya mashahidi, maana wawili kati yao wanakaa Mugunga na mmoja bado wanamtafuta.