Mshahara Mmoja, Vinywa Vingi

Nyumba ambamo baba peke yake ndiye mwenye mshahara, na mama bado analea watoto wachanga, imesimama juu ya nguzo moja. Nguzo moja yaweza kubeba paa, lakini hapana budi paa lipimwe kwa nguvu za nguzo hiyo.

Ushahidi hauko mbali na kambi ya Makenke mjini Mbarara. Katika Wilaya ya Isingiro yapo makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoanzishwa mwaka 1958. Familia nyingi huko zimetegemea mgao wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, uwe wa nafaka au wa fedha taslimu. Aprili 2020 mgao huo ulipunguzwa hadi asilimia 70. Februari 2021 ukashuka hadi asilimia 60. Na mwaka 2023 familia zikagawanywa katika mafungu kwa kadiri ya dhiki zao, nyingine zikaachwa zijitegemee. Sababu ilikuwa upungufu wa michango ya wahisani, wala si kosa la familia yoyote. Katika hali kama hiyo, nyumba yenye bustani ya maharage na akiba kidogo huyumba. Isiyo na kitu huanguka.

Askari naye aweza kuugua, kujeruhiwa au kupelekwa mbali. Kwa hiyo bajeti ya nyumba ianze siku ile ile ya mshahara, mume na mke wakiwa pamoja. Mke asiyejua mshahara wa mumewe hawezi kuulinda. Kwanza itengwe akiba, hata ikiwa ndogo. Kisha chakula, ada ya shule na matibabu. Kinachobaki ndicho cha nguo na burudani. Unga na maharage yanunuliwe kwa wingi wakati wa mavuno, bei inapokuwa chini, kuliko kupimiwa dukani kilo moja moja.

Adui mkubwa wa pato moja ni mkopo wa riba ya kila mwezi, hasa ule ambao mkopeshaji hushika kadi ya benki ya askari. Tuseme mtu amekopa shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, naye akawa analipa riba tu. Baada ya miezi mitano amekwisha kulipa shilingi 100,000, na deni lingali pale pale. Ndiyo maana wahenga walinena: kukopa harusi, kulipa matanga.

Iko njia nyingine. Kikundi cha kuweka na kukopa huwa na sanduku lenye makufuli matatu, na funguo hukaa kwa watu watatu mbalimbali. Wanachama hununua hisa kila wiki, hukopeshana kwa masharti waliyoyapanga wenyewe, na baada ya mwaka mmoja hivi hugawana akiba pamoja na faida. Kikundi chenye busara hupanga mgawanyo huo ukaribie kufunguliwa kwa shule. Askari wa jeshi wanacho pia chama chao cha akiba na mikopo cha Wazalendo, na polisi wanacho cha Exodus.

Askari hodari hamalizi risasi zote katika saa ya kwanza ya mapambano. Mshahara nao ni vivyo hivyo: mwezi una siku 30, na watoto hula kila siku.