Raha ya Kumsoma Bwana Msa Mara ya Pili

Bwana Msa, mpelelezi wa Unguja asiyeachana na kiko chake, aliingia katika fasihi ya Kiswahili mwaka 1960, Muhammed Said Abdulla alipochapisha Mzimu wa Watu wa Kale. Mswada wake ulikuwa umeshinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau mwishoni mwa miaka ya 1950. Vilifuata Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na vingine, hadi Kosa la Bwana Msa mwaka 1984.

Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alikuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuingia kwenye uandishi wa habari na kuhariri gazeti la Mkulima. Kazi ya mkaguzi ni kuingia nyumba za watu na kuyaona yale ambayo wenyewe wameyazoea hata hawayaoni tena. Riwaya zake zina jicho hilohilo.

Anayezisoma kwa mara ya kwanza hukimbizwa na swali moja: nani kaua? Mazungumzo marefu humkera, na pengine huruka kurasa. Akirudia kitabu hali ya kuwa muuaji anamjua, mazungumzo yaleyale hugeuka kuwa uhondo wenyewe. Jibu lililotolewa upesi mno, jina lililokwepwa, mgeni aliyeaga kabla ya wakati wake: vyote vilikuwepo tangu mwanzo, vimetandazwa mbele ya macho katikati ya porojo na utani. Kumbe mwandishi hakumdanganya msomaji hata mara moja. Hapo ndipo ufundi wa Abdulla unapoonekana, na msomaji wa haraka haufikii kamwe.

Najum, sahibu wa Bwana Msa, ana sehemu kubwa katika raha hiyo. Huyaona anayoyaona mwenzake, lakini hajui ayafanyie nini, na msomaji hutembea naye bega kwa bega katika kutojua huko. Mpango huo Abdulla aliuchukua waziwazi kwa Arthur Conan Doyle, aliyewatoa Sherlock Holmes na Watson mwaka 1887. Mazingira, hata hivyo, aliyajenga upya. Holmes anaishi London, jiji ambamo mtu anaweza kupotea katikati ya watu. Bwana Msa yuko kisiwani, ambako kila mtu anamjua mwenzake, au anadhani anamjua. Kwa hiyo siri zake ni za nasaba, ndoa, mirathi na watoto waliofichwa.

Jambo la pili katika mazingira hayo ni imani. Mauaji ya riwaya ya kwanza yanahusishwa na mzimu, mahali panapoogopwa. Giningi nayo ni makao ya wachawi katika simulizi za Unguja na Pemba. Wengine wakinong'ona kuhusu mashetani, Bwana Msa hutafuta mkono wa binadamu, na daima huupata. Lakini Abdulla huiacha hofu ifanye kazi yake kwanza. Msomaji anayejua kwamba mkosaji ni mtu wa kawaida bado husisimka akirudi kwenye kurasa hizo, na huo ni ushahidi kwamba msisimko unatoka katika lugha, si katika fumbo peke yake.

Wahakiki wengi huitia riwaya ya upelelezi katika kapu la riwaya pendwa, yaani za kupitisha wakati. Lebo hiyo inazifaa zaidi hadithi za mbio na bastola, kama zile za jasusi Willy Gamba alizoanza kuandika Elvis Musiba kwa Kufa na Kupona mwaka 1974. Nazo zina utamu wake, hasa safarini, ila nguvu yake kubwa imo katika kasi, na kasi hupungua pindi mwisho ukishajulikana. Anayetaka kupima tofauti hiyo aanze na Mzimu wa Watu wa Kale, akimaliza akiweke kitabu mwezi mmoja au miwili, kisha akirudie polepole, huku akisikiliza wahusika wanavyojibu maswali ambayo hawakuulizwa.