Bosi wa Maabara Asiyegusa Darubini

Katika vijiji vya Mahenge, mkoani Morogoro, siku ya kinga tiba ya usubi, ugonjwa wa minyoo, mgawa dawa humsimamisha mtu kando ya fimbo yenye alama, akaangalia utosi umefika wapi, kisha akahesabu vidonge. Mizani haihitajiki. Mtoto asiyefika sentimita 90 hapewi kitu. Wala hakuna anayelipa, na sababu yake inaanzia mezani kwa bosi mmoja wa Marekani.

Roy Vagelos, mwanabiokemia aliyewahi kufundisha chuo kikuu huko St. Louis, aliongoza utafiti wa kampuni ya Merck tangu miaka ya 1970. Ivermectin, dawa ya vidonge hivyo, hakuigundua yeye. Bakteria ambao dawa hiyo ilitokana nao walitoka kwenye udongo wa Japani aliouchukua Satoshi Ōmura, naye William Campbell wa Merck akaongoza kazi iliyoonyesha kuwa inaua minyoo ya mifugo. Wawili hao walitunukiwa Nobel mwaka 2015. Campbell ndiye aliyemwandikia Vagelos kwamba huenda ingefaa pia kwa usubi wa binadamu.

Hapo ndipo kazi ya bosi wa utafiti inapoonekana. Wagonjwa walikuwa maskini wa pembezoni mwa mito, soko hakuna. Tena dawa ya mifugo ilikuwa na faida nono mbele yake, na madhara yoyote kwa binadamu yangeichafulia jina. Vagelos akaruhusu. Mwaka 1981 Mohammed Aziz, daktari wa kampuni hiyo, akaanza majaribio Dakar. Dawa ikafanya kazi, lakini mfadhili wa kuinunua akakosekana. Mwaka 1987 Vagelos, sasa mkurugenzi mkuu, akatangaza itatolewa bure kadiri itakavyohitajika.

Binafsi namheshimu zaidi kwa uamuzi usiosimuliwa sana. Mwaka 1980 zilivuma habari kwamba dawa ya Kijapani inayofanana na lovastatin, dawa ya Merck ya kupunguza kolesteroli, imeleta uvimbe kwa mbwa. Ulikuwa uvumi tu, na washindani hawalali. Hata hivyo Merck ilisimamisha majaribio ya lovastatin kwa wagonjwa, ikarudi kwa wanyama kuhakikisha. Lovastatin iliidhinishwa mwaka huohuo wa 1987.

Januari 2025 Shirika la Afya Duniani liliitangaza Niger nchi ya kwanza Afrika kutokomeza usubi. Mahenge bado wanameza: ivermectin huua viluwiluwi vya minyoo, lakini minyoo mikubwa huishi mwilini miaka kumi na zaidi.