Je, Wajua? Dawa ya saratani na moshi wa sigara

Daktari wa saratani akimuuliza mzee wa kijiji cha Idodi, "Baba, umewahi kuvuta?", si kumlaumu. Anapima dawa.

Bleomaisini, dawa ya saratani ya Hodgkin na ya Kaposi, huweza kuacha makovu kwenye mapafu, na aliyevuta yuko hatarini zaidi. Kwa hiyo jibu la "niliacha zamani" halitoshi. Daktari anataka kujua alivuta miaka mingapi, na pakiti ngapi kwa siku.

Irinotekani, dawa nyingine ya saratani, ina kisa cha ajabu. Moshi huchochea vimeng'enya vya ini, na kwa anayeendelea kuvuta, dawa hiyo huondoka mwilini haraka. Chembe nyeupe za damu, ambazo dawa hii hushusha, hazishuki sana. Nafuu? La, maana saratani nayo huenda imepata dozi pungufu.

Kinachochochea ini ni moshi wenyewe, wala si nikotini. Ugoro wa babu haufanyi hivyo (ingawa huleta saratani ya kinywa). Mvutaji akiacha, ini hurudia kasi yake ya kawaida ndani ya siku chache, hivyo anayeacha katikati ya matibabu amwambie daktari kabla ya dripu inayofuata.