Uko kitandani na plasta mguuni? Hebu shika penseli

JE, wewe ni mmoja wa wale waliorudishwa nyumbani kutoka hospitalini na mguu katika plasta, ukaambiwa urudi kliniki baada ya majuma sita? Basi bila shaka unalijua jambo ambalo daktari hakukwambia. Juma la kwanza nyumba hujaa wageni. Huyu ameleta machungwa, yule maziwa, na kila mmoja ataka asimuliwe jinsi pikipiki ilivyokugonga. Kufikia juma la tatu hakuna anayebisha hodi. Watu wamerudi makazini, watoto wako shuleni, nawe umebaki chali ukihesabu madoa ya darini. Hapo ndipo maumivu yaliyokuwa yameanza kutulia huonekana kurudi upya.

Si lazima iwe kwamba mfupa umeharibika tena. Maumivu husikika ubongoni, na ubongo usio na shughuli nyingine huyasikiliza mchana kutwa. Ongeza hofu ya kodi ya nyumba na kazi iliyosimama, na usingizi nao hutoroka. Ndiyo sababu katika hospitali kubwa, mbali na daktari wa mifupa na yule wa mazoezi ya viungo, huwako mtaalamu ambaye kazi yake ni kumrudishia mgonjwa shughuli zake: kuvaa, kupika, kuandika, kufuma, kuchora. Wengi humdhania kuwa mtu wa kuwachezesha wagonjwa tu. Wanakosea sana.

Mfikirie Tomihiro Hoshino wa Japani. Mwaka wa 1970, akiwa kijana wa miaka 24 na mwalimu mpya wa michezo, alikuwa akiwaonyesha wanafunzi wake sarakasi alipoanguka na kuumia shingo. Kuanzia mabegani kushuka chini hakuweza tena kusogeza kiungo. Alilala hospitalini miaka 9, mama yake akimwuguza. Mwaka wa 1972 alianza kujifunza kuandika kwa kalamu iliyoshikwa kwa meno. Herufi zikafuatwa na picha, na alichochora ni kile kilichokuwa karibu na kitanda: maua yaliyoletwa na wageni. Kando ya kila ua aliandika maneno machache, shairi fupi. Aliendelea hivyo maisha yake yote. Mwaka wa 1991 jumba la kuonyeshea kazi zake lilifunguliwa kijijini kwao, na vitabu vyake vikawa maarufu nchini humo. Alifariki mwaka wa 2024 akiwa na umri wa miaka 78.

Shingo yake haikupona kwa kuchora, wala mimi sikuambii kwamba mfupa wako utaunga haraka kwa sababu ya beti mbili. Angalia tu kwamba hakuchora vita wala wafalme. Alichora ua moja lililo mbele ya macho yake, na siku iliyokuwa haina jina ikapata jina.

Madaktari nao wana ushahidi kuhusu macho ya mgonjwa. Mwaka wa 1984 mtafiti wa Marekani, Roger Ulrich, alichapisha uchunguzi wa wagonjwa 46 waliopasuliwa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu yao walilazwa penye dirisha lililotazama miti, na nusu penye dirisha lililotazama ukuta wa matofali. Wale wa miti walitoka hospitalini mapema kidogo na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Idadi hiyo ni ndogo, kweli, lakini si jambo la kupuuza.

Najua utakaloniambia: “Mimi naishi orofa ya nne mtaani Umoja, na dirisha langu latazama nguo za jirani zilizoanikwa.” Sawa. Tazama juu ya hizo nguo. Huko angani Nairobi mwewe huzunguka karibu kila siku wakitafuta mabaki ya nyama. Shomoro hujenga kiota hata ndani ya bomba lililotoboka. Mwezi Oktoba mijakaranda huwa imechanua zambarau, na atokaye kazini anaweza kukuletea ua lililoanguka. Ukiwa Mombasa, kunguru watakuamsha upende usipende. Pasipokuwa na chochote, mwambie mtoto apande maharagwe manne katika mkebe, uweke dirishani, na kila asubuhi uchore urefu wake.

Kwa utungo, Kiswahili kimekurahisishia kazi, kwa kuwa mizani yetu huhesabika kwa vidole. Jaribu mishororo miwili tu, kila kipande mizani 8, kama hii niliyoitunga:

Mpapai wa jirani, leo umetoa ua,
Nahesabu kitandani, hadi papai kukua.

Au tumia kipimo cha Wajapani kiitwacho haiku, chenye mizani 17 iliyogawanywa 5, 7 na 5:

Kwenye dirisha
shomoro na unyasi:
nami nangoja.

Unaona kwamba hakuna maneno makubwa. Usianze kwa kueleza huzuni yako. Andika ulichokiona, huzuni itaingia yenyewe ikitaka. Kimoja kwa siku chatosha. Ukikosa kuandika siku mbili, usijilaumu.

Vifaa si ghali. Daftari la shule, penseli, na kibao cha chapati cha kuegemeza, ukiweke kwenye paja zima wala si juu ya plasta. Chagua penseli, kwa maana kalamu ya wino hugoma ukiandika chali. Rangi waweza kupata jikoni: kahawa iliyokorogwa nzito hutoa kahawia nzuri, manjano ya mchuzi hutoa rangi ya dhahabu (na huharibu shuka, nakuonya mapema).

Na penseli hiyo, tafadhali, usiiingize ndani ya plasta kujikuna! Ngozi ikichubuka humo huoza bila wewe kuona. Vidole vikivimba sana, vikiwa baridi au vya bluu, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi kila saa licha ya dawa, achana na mashairi na ukimbizwe hospitali saa hiyo hiyo. Aliyegongwa kichwa apumzike kwanza siku moja au mbili, kisha aanze kwa dakika chache, na akome kichwa kikianza kumwuma. Mazoezi uliyopewa ya kuchezesha vidole na goti hayana badala. Yafanye kwanza, ndipo uchore.

Kuna wakati daftari halitoshi. Ikiwa kwa majuma mawili hulali, huli, hutaki kuona mtu, au umeanza kufikiria kufa, mwambie daktari au muuguzi waziwazi, bila haya. Hayo ni maradhi kama mengine na yana tiba.

Jambo moja zaidi. Andika tarehe juu ya kila ukurasa, na pembeni uweke namba kutoka 0 hadi 10 ya jinsi ulivyoumwa siku hiyo. Siku ya kliniki lichukue daftari. Daktari akikuuliza maumivu yalianza kupungua lini, fungua ukurasa na umwonyeshe. Yale maharagwe atayaona pia.