Anayegongewa Mlango Kwanza

Ukikosa usingizi kwa wiki tatu ukiwa Kathonzweni, katika kaunti ya Makueni nchini Kenya, utaanzia wapi? Pengine zahanati, ambako utapimwa malaria na taifodi na kurudi na vidonge vya maumivu. Usipopata nafuu, utamwendea mchungaji akuombee. Baadaye, jioni, majirani wasione, utamtafuta mundu mue, mganga wa Kikamba, akuulize umekosana na nani. Daktari wa akili huenda usimfikie kabisa. Madaktari hao ni wachache, na wengi wao wako Nairobi.

Safari hiyo ndiyo waliyoichunguza mwanasaikolojia Victoria Mutiso na wenzake wa Africa Mental Health Research and Training Foundation, taasisi iliyoanzishwa na David Ndetei, profesa wa magonjwa ya akili. Walikwenda kaunti hiyo ya Makueni, ambayo sensa ya 2019 iliihesabia watu karibu milioni moja. Badala ya kuuliza namna ya kuwaachisha watu waganga, waliuliza mgonjwa anagonga mlango wa nani kwanza, na mwenye mlango huo anajua nini.

Kabla ya kumfunza mtu yeyote walifanya vikao na viongozi wa kaunti na wa vijijini. Halafu wauguzi, matabibu, wahudumu wa afya wa jamii, waganga na viongozi wa dini walifunzwa kwa mwongozo ambao Shirika la Afya Duniani liliutoa mwaka 2010 kwa ajili ya wasio wataalamu wa akili. Christine Musyimi, mtafiti katika kundi hilo, aliwafuatilia zaidi waganga na wahubiri. Aliwaketisha pamoja na watu wa hospitali. Kutoaminiana kulijitokeza, na utayari wa kushirikiana pia.

Walichofunzwa si siri ya kitabibu. Sonona, ule uzito wa moyo ambao sisi huuita “mawazo”, ina dalili zake: huzuni isiyoondoka, kutofurahia tena yaliyokuwa yakikufurahisha, uchovu, usingizi na hamu ya chakula kuvurugika, kujiona huna thamani. Zikidumu wiki mbili au zaidi na kukukwamisha shambani au kazini, huo ni ugonjwa, wala si uvivu. Aliyefunzwa anazitambua, anamsikiliza mtu na kumsaidia kukabili kinachomsumbua. Akizidiwa, anampeleka hospitali.

Je, ilisaidia? Watafiti walipima kwa dodoso la Aaron Beck, lenye maswali 21 na alama kuanzia 0 hadi 63. Kadiri alama zinavyopanda ndivyo sonona ilivyo kali. Kwa waliohudumiwa na waganga na wahubiri waliofunzwa, alama zilishuka.

Msomaji makini atauliza: si huenda wangepona wenyewe? Swali hilo ni la haki. Mtu huenda kutafuta msaada siku zake mbaya zaidi, na siku mbaya nyingine hupita zenyewe. Ndiyo maana sayansi hutaka kundi la kulinganisha. Zimbabwe walilifanya hilo. Daktari Dixon Chibanda aliwafunza akina nyanya kuzungumza na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya kliniki 24 za Harare, ambazo kura ndiyo iliyoamua zipi zipate benchi na zipi ziendelee na huduma ya kawaida. Baada ya miezi sita, upande wa huduma ya kawaida karibu nusu ya watu bado walikuwa na dalili za sonona. Upande wa benchi walikuwa takriban 14 kati ya kila 100.

Hayo hayamhalalishii mganga kila analofanya. Anayesikia sauti zisizosikika na wengine, au anayeanguka kifafa, anahitaji hospitali, na kila mwezi unaopotea kwa kumfunga nyumbani ni hasara. Anayetaka kujiua naye asiachwe peke yake. Muulize waziwazi, kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Wala asifichwe kwa hofu ya polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba sheria iliyofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai inakiuka Katiba.

Turudi kwa mundu mue na swali lake: umekosana na nani? Si swali la kuchekwa. Ugomvi, msiba, deni na mvua iliyokosa msimu mzima huuelemea moyo, na mwongozo wenyewe unamtaka mhudumu aulize yanayomsumbua mgonjwa na amrudishe karibu na watu wake. Kilichokuwa kimekosekana ni maswali yanayofuata: hali hii ina wiki ngapi? Unalala? Umewahi kuwaza kufa? Na akijibiwa ndiyo, ajue zahanati ipi ya kumpeleka, na huko ajue wa kumkabidhi.