WAYA WA ARDHI USIKATWE



Siku hizi mashine nyingi, za kufunga sukari, za kukausha chai, hata za kushona, zina bodi ya elektroniki ndani yake. Wengi wetu tulizoea gia na mikanda, na bodi ikileta matata tunamwachia fundi. Lakini liko jambo moja ambalo kila anayeshika mashine hana budi kulijua, kwa sababu linagusa uhai wake.

Ndani ya bodi mna kipande kidogo cha kristali kinachopiga kama saa. Katika saa ya mkono hupiga mara 32,768 kwa sekunde. Katika bodi ya mashine, mara milioni 8 au 16 ni kawaida. Kufungua, kufunga, kuhesabu mifuko, yote hufuata mapigo hayo. Nayo bodi hupima kila pigo kuanzia sifuri, na katika mashine nyingi sifuri hiyo imefungwa kwenye chuma cha mashine, na chuma kwenye waya wa ardhi. Waya ukilegea au ukiwa na kutu, sifuri yenyewe huyumba kila mota kubwa inapowaka. Hapo bodi huhesabu pigo lisilokuwapo. Mashine husimama bila sababu au, vibaya zaidi, hujiwasha yenyewe.

Katika kiwanda kimoja hapa Kampala tulikuta mashine ya kufunga mifuko inasimama ovyo. Fundi alikata waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano, na mashine ikatulia. Msimamizi alifurahi, sisi hatukufurahi. Waya ule ulipita mashine hadi mashine, ukabeba uchafu wa umeme wa mota zote hadi kwenye bodi. Kuukata kuliinyamazisha bodi, lakini kuliacha chuma bila njia ya kupeleka umeme ardhini. Siku waya wa moto ukichubuka na kugusa chuma hicho, fyuzi haitaungua. Njia itakuwa mkono wa mwendeshaji. Umeme wetu ni volti 240. Mwili uliolowa jasho waweza kuwa na ukinzani wa omu 1,000 tu, basi zitapita miliampea 240, ilhali swichi ya kulinda watu hutengenezwa ikate kwenye 30.

Dawa ya kweli haina gharama kubwa. Kila mashine ipewe waya wake wa ardhi hadi kwenye kipande kimoja cha shaba. Rangi na kutu zikwanguliwe penye skrubu. Waya za mota zitengwe na waya nyembamba za bodi. Kwenye bodi yenyewe fundi alehemu upya viungo vya ardhi, kristali ikae karibu kabisa na chipu yake, na kila chipu iwe na kapasita yake ndogo pembeni.

Mkiambiwa mfanye kazi kwenye mashine iliyokatwa waya huo, mwiteni mjumbe wenu wa usalama. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inampa mfanyakazi haki ya kuondoka penye hatari kubwa.

Ndugu wa mashambani, nondo yenu ya ardhi ipimwe kwa mita wakati wa kiangazi, udongo umekauka. Ikipimwa baada ya mvua itaonekana nzima hata kama ni mbovu.